Baba Anaiva

Mkuu wa kambi alikuwa anawaza samaki.

Hicho tu ndicho Audax alichokikuta kwenye kona ya karatasi, pale mkubwa huyo alipoishika kwa dole lenye mafuta kabla hajaweka saini. Alikuwa anawaza kama samaki wamekaangwa vizuri au wameunguzwa tena. Juu ya saini kulikuwa na majina ya watu kumi na saba. Wote waliuawa kesho yake asubuhi, na jamaa anawaza samaki.

Audax akatoa dole lake kwenye kioo, akalifuta kwenye suruali.

“Umepata nini?” akauliza Bi Leokadia kutoka mezani kwake. Yeye ndiye msimamizi wa Nyumba ya Kusomea, mama mnene, mpole, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu ujana.

“Samaki.”

“Tena?”

“Hawa wakubwa wanakula sana, Mama. Nikisoma kumi, saba wanawaza chakula.”

“Andika.”

“Ndiyo naandika. Sijasema siandiki.”

Miaka mitatu sasa Audax alikuwa anafanya kazi hiyo pale Bukoba, kwenye Chumba cha Karne ya Ishirini. Shule aliacha darasa la sita, na kazini kwake hilo lilikuwa sifa. Mwanzoni waliajiri wasomi wenye shahada, ikashindikana. Profesa mmoja alisoma alama ya mwanamke aliyenyongwa, akatoka na hotuba. Mtu wa vitabu akiguswa na hofu ya mwenzake anakimbilia kuieleza, na akishaieleza ameshaichanganya na ya kwake. Audax hakuwa na maneno mengi ya kuchanganya. Alichokuta ndicho alichosema.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akigusa karatasi, hasa akiwa anaogopa, jasho lake linabaki humo. Hata miaka mia ipite. Kioo kinapiga mwanga juu ya alama ya dole, jasho linaamka, na msomaji akiweka dole lake hapo juu, kilichokuwa kwenye mwili wa yule mtu kinahamia kwake. Waliojua kuandika walishika kalamu, hivyo wengi wao hawakuacha kitu. Walioacha sana ni wale wasiojua kusoma, waliokamatwa mkono wakagandamizwa dole kwenye wino chini ya maneno wasiyoyajua. Ila mwanga uleule unaoamsha ndio unaoua. Alama husomwa mara moja tu. Ikishasomwa karatasi inakuwa nyeupe, na dunia nzima inabaki na neno la msomaji.

Nyumba za Kusomea zilikuwa zinabadilishana majalada, kwa kuwa msomaji wa mbali hana upande. Audax alishasoma ya nchi ambako watu waliuawa kwa kuvaa miwani. Alishasoma ya nchi ambako vijana walitupwa baharini kutoka kwenye ndege wakiwa hai, mmoja wao akiwa anajaribu kukumbuka kama amefunga mlango wa kwao. Mwezi wa kwanza alikuwa anatapika. Mwezi wa sita akaacha kutapika, na hapo ndipo alipoanza kujiogopa.

Siku hiyo alikuwa kwenye rafu ya nchi jirani, ya yule jemadari wa ng'ambo ya mpaka ambaye mwisho wa utawala wake askari wake waliingia Kagera wakachukua ng'ombe, mabati na watu. Jalada lililofuata halikuwa na jina. Karani alikuwa ameandika “mpelelezi” basi, na chini yake kukawa na dole gumba.

Audax akaweka la kwake.

Akajikuta shimoni. Kuna majani ya mgomba usoni, juu ya majani kuna udongo, na kuna harufu tamu iliyochacha ya pombe ya zamani. Hapa si kambini, akajisemea. Jasho lilikuwa la kambini ila mtu mwenyewe alikuwa amerudi nyumbani kwa mawazo, ndivyo hofu inavyofanya watu. Lilikuwa shimo la kuivishia ndizi, lile linalochimbwa kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, ndizi zinafukiwa humo siku kadhaa mpaka ziwe laini za kukamuliwa pombe. Wiki hiyo hakukuwa na ndizi. Alikuwemo yeye.

Juu, viatu vikasimama. Sauti ya mwanamume ikasema kwa upole, upole kabisa:

“Mtoto mzuri. Shika biskuti. Baba yuko wapi?”

Karatasi ya biskuti ikalia. Kisha sauti ya mtoto, nyembamba, yenye maringo ya mtu anayetega kitendawili:

“Baba anaiva.”

“Anaiva?”

“Eee. Yuko shimoni na ndizi. Keshokutwa tunamkamua.”

Askari wakacheka. Na yule mtu shimoni, hapo ndipo Audax alipotaka kutoa dole, yule mtu naye alitaka kucheka. Kicheko kilimfika kooni kabisa. Maana mzaha ulikuwa wake. Asubuhi ile alimshika mtoto mashavu akamwambia: Koku, baba anaingia kuiva, usimwambie mtu wasije wakaninywa.

Koku.

Audax akajua. Jina lilikuwa la Bibi yake, Kokushubira, la utotoni. Kibanja kilikuwa cha kwao. Sheria ya kazi ilimkataza mtu kusoma jalada la ukoo wake, na sheria nyingine ilimkataza kutoa dole katikati, kwa sababu kitakachobaki kitakufa bila kusomwa. Akaliacha.

Wakamvuta nje kwa nywele. Mwanga. Mke wake amepiga magoti. Mtoto amesimama na biskuti mdomoni, na uso wake umeanza kuelewa, unaanza kuvunjika taratibu kama chungu kilichopata ufa. Baba akauona ule ufa. Akageuza shingo upande wa pili, kwenye miramula, ile mimea ya mpaka inayotenga kibanja na kibanja. Ng'ambo yake alikuwa anakaa rafiki yake, mtu waliyechimba naye shimo lile kwa majembe mawili. Akapiga kelele kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mtoto asikie, mke asikie, kilima chote kisikie:

“Kaijage! Umeniuza, Kaijage!”

Halafu gari. Halafu chumba chenye maji sakafuni. Vidole vinne vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshavunjwa kwa kitako cha bunduki, wakaacha kimoja kwa ajili ya wino. Na wakati dole lile linagandamizwa kwenye karatasi, yule mtu hakuwa anawaza kufa wala hakuwa anawaza maumivu. Alikuwa anarudia neno moja kama mtu anayehesabu mbegu. Kaijage, nisamehe. Kaijage, nisamehe.

Karatasi ikawa nyeupe.

* * *

“Nimesoma la kwetu,” Audax akasema.

Bi Leokadia akaweka kikombe chini. “Ulijua?”

“Halikuwa na jina.”

“Umekatisha?”

“Sikukatisha.”

Yule mama akanyanyuka, akafunga mlango. Alijua habari za kwao. Mkoa mzima ulijua. Bibi Kokushubira aliomba kusomewa baba yake tangu Nyumba ilipofunguliwa, hata Audax hajazaliwa, na kila mwisho wa wiki alikuwa anamuuliza Audax swali lilelile: umemwona baba?

“Ni Kaijage?” akauliza Bi Leokadia.

“Siyo Kaijage.”

“Ni nani sasa?”

Audax akamweleza. Alieleza kama alivyozoea, bila kupamba, na alipofika kwenye “keshokutwa tunamkamua” akageukia ukutani, akamalizia huko.

Sasa uzito wa jambo hili ni lazima ueleweke. Tangu siku ile Mushobozi, baba yake Bibi, alipochukuliwa, ukoo wake na ukoo wa Kaijage walikuwa hawazikani. Mtu anaweza kugombana na jirani, akamtukana, akamshtaki, lakini msiba ukitokea anabeba jembe anaenda. Asipoenda, maana yake amekufuta katika watu. Mwili wa Mushobozi haukupatikana, wakazika shina la mgomba mahali pake, na juu ya mgomba ule wakaapa. Miaka tisini. Kaijage alikufa akazikwa na wanawe tu. Miaka miwili iliyopita alikufa mwanawe wa mwisho, Mzee Mujuni, na kilima kizima kikafuata ukoo mkubwa, wa Mushobozi, kikakaa ndani. Watu watano tu ndio waliomzika.

“Nikisema walikuja na mbwa, mbwa akanusa shimo?” Audax akauliza. “Kaijage anakuwa safi. Bibi anakufa na amani. Nani ameumia?”

“Hakuna aliyeumia.”

“Na hakuna wa kukagua. Karatasi ni nyeupe.”

“Hakuna. Ukisema mbwa, itakuwa mbwa mpaka mwisho wa dunia.”

“Sasa si niseme mbwa?”

Bi Leokadia akarudi kukaa. “Kuna mama mmoja nilimsomea mwanawe,” akasema. “Aliniuliza kama mtoto aliumia. Nikasema hapana, ilikuwa ghafla. Alinishukuru miaka tisa, Audax. Mayai, maharage, kila Pasaka. Na kila akinishukuru tumbo linanikata. Maana yule kijana siku zile nne alizokaa mle alikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumwambia, nayo ni karatasi. Karatasi ikaniambia mimi. Mimi nikamfunga mdomo.”

“Unaniambia nimwue Bibi?”

“Sijakwambia kitu, baba. Nakwambia tumbo langu.” Akafungua droo, akatoa kinasa sauti, kidude kidogo kama kifungo cha shati, akambandikia Audax kifuani. “Useme kabla jua halijazama. Ukilala nalo litaota na ndoto zako, na hapo hata wewe hutajua lipi lake lipi lako. Nenda kwenu.”

* * *

Gari la upepo lilimshusha njia panda saa nane mchana. Akapanda kilima kwa miguu, dole gumba akiwa amelificha ndani ya ngumi kama mtu aliyejikata.

Kwenye miramula alimkuta Mzee Rwiza anapogoa. Rwiza ndiye mtoto wa Mujuni, mjukuu wa Kaijage, mtu wa miaka sitini na kitu, mrefu, mkimya. Kila kwao Audax kukiwa na msiba Rwiza alikuwa analeta mkungu mmoja wa ndizi, anauweka barabarani nje ya mpaka, anaondoka. Hakuna anayeugusa. Unaozea pale au mbuzi wanaumaliza. Msiba ukija tena, analeta mwingine. Audax utotoni aliwahi kuuliza kwa nini wasiule, akachapwa.

Siku zote alikuwa anampita Rwiza kama anapita mti. Siku hiyo miguu ikagoma.

“Shikamoo, mzee.”

Kisu cha Rwiza kikasimama. Akamtazama kijana, akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine aliyesalimiwa.

“Umelewa?”

“Hapana.”

“Basi nenda kwenu kabla hawajakuona,” akasema, akaendelea kupogoa. Lakini mkono wake ulikuwa unakata hewa.

* * *

Bibi alikuwa uani kwenye kiti chake chenye miguu. Kilikuwa kiti kizuri, kilichonunuliwa na ukoo mzima: miguu minne kama ya mbuzi, kinapanda, kinashuka, kinampeleka Bibi mpaka kisimani na kanisani. Alikuwa na miaka tisini na sita. Alirudi kukaa kwa baba yake baada ya kufiwa na mume, na Audax, kitukuu chake, ndiye aliyekuwa anakaa naye kila mwisho wa wiki.

“Mbona mapema?” akasema. “Wamekufukuza?”

“Hawajanifukuza.”

“Umekonda. Huko wanawalisha nini, herufi?”

“Mimi na herufi wapi na wapi, Bibi.”

Bibi akacheka kidogo, halafu akaiona ile ngumi. Akaacha kucheka. Alikuwa na macho yenye ukungu ila yalikuwa yanaona yanachotaka.

“Umemwona baba.”

Audax akachuchumaa mbele yake. Njiani kote alikuwa ameshaamua. Mbwa. Alishampanga kabisa yule mbwa, rangi yake, mkia wake, anavyoparua majani.

“Nimemwona. Alikuwa shimoni, lile la ndizi. Askari wakaja na mbwa, Bibi. Mbwa akanusa, akaparua, wakamtoa. Siyo Kaijage. Baba yako alidhani ni Kaijage, alikosea tu kwa hofu. Ni mbwa.”

“Mbwa wa rangi gani?”

“Mweusi.”

“Mkubwa?”

“Mkubwa.”

Bibi akatikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama anayemsikiliza mtoto anayesoma vibaya.

“Hapakuwa na mbwa,” akasema. “Hawakuja na mbwa. Walikuja na biskuti.”

Kuku wakapita katikati yao.

“Unadhani nilikuwa mjinga? Nilikuwa na miaka mitano, sikuwa mjinga. Niliila ile biskuti. Wanampandisha kwenye gari mimi bado natafuna. Nikatafuna mpaka gari likapotea, maana niliona nikimeza itakuwa imetokea kweli.”

“Ulijua? Siku zote?”

“Nilimwambia mama. Siku tunazika mgomba, nikamshika gauni nikamwambia ni mimi. Akanipiga kofi hapa. Akasema ni Kaijage, baba yako amesema kwa mdomo wake mwenyewe, unataka kumfanya baba yako mwongo? Nikanyamaza. Mwanzo nilikuwa naogopa. Halafu nikaolewa, nikazaa, ikawa aibu. Halafu nikazeeka, watu wananiita mama wa ukoo, nikaona nikisema nitaangusha nyumba ya watu. Halafu basi. Ikawa kama kidonda cha mguu, unatembea nacho.”

“Bibi.” Audax alisimama. Hasira ilimpanda bila kupiga hodi. “Mzee Mujuni alizikwa na watu watano. Ulikuwa umekaa hapa hapa, kwenye kiti hiki hiki.”

“Nilikuwa nasikia majembe. Yalikuwa mawili tu. Yanapokezana.”

“Na ukakaa.”

“Nikakaa.” Hakukwepa macho. “Mujuni alikuwa mwenzangu wa kuchezea. Siku ile asubuhi tulikuwa tunatengeneza gari la maganda ya mgomba, mimi na yeye. Hatukulimaliza. Miaka tisini namwona ng'ambo ya miramula, anazeeka, na mimi nazeeka, hakuna aliyemwambia mwenzake hata umeamkaje. Nichape, Audax. Una haki. Ila kwanza nijibu, kwa sababu hilo ndilo nililoombea kusomewa, sikuombea jina. Jina ninalo.” Akamshika mkono, akaifungua ile ngumi kidole kimoja kimoja mpaka lile dole likaonekana. “Alinisikia?”

Hapo ndipo pagumu. Mbwa alikuwa amekufa, ila bado kulikuwa na uongo mdogo umebaki, uongo wa neno moja. Hakusikia, Bibi. Majani yalikuwa mengi. Audax aliuona kabisa umekaa kwenye ulimi. Akawaza tumbo la Bi Leokadia. Akamuwaza yule mtu, vidole vinne vimevunjwa, anaiambia karatasi.

“Alisikia,” akasema. “Yote. Mpaka ile ya kukamua.”

Bibi akafumba macho. “Akasemaje moyoni?”

“Alitaka kucheka.”

Kitu kikatoka kifuani kwa yule kizee, na hata leo Audax hajui akiite nini. Hakikuwa kilio. Kilikuwa kama mlango uliokwama miaka mingi ukisukumwa na mtu wa ndani.

“Halafu akakuona,” Audax akaendelea, maana sasa angeachaje. “Akaona unaanza kuelewa. Ndiyo maana akaita Kaijage. Aliangalia huku na huku, jina la karibu likawa la rafiki yake, akalitupa, ili wewe usilie. Mpaka mwisho kule kambini alikuwa anasema Kaijage nisamehe. Hakusema kingine.”

“Ili nisilie.”

“Ndiyo.”

“Na sikulia,” Bibi akasema. “Nilipewa Kaijage wa kumchukia, nikamchukia nikashiba. Sikupata nafasi ya kulia.” Kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshafika kwenye miguu ya kiti. “Hicho kifungo kifuani ndicho kinachorekodi?”

“Ndicho.”

“Kimeshaanza?”

“Bado. Nilikuwa nakutafutia mbwa.”

“Mwache mbwa wa watu. Nipeleke kwa Mujuni.”

* * *

Kiti kilitembea vizuri mpaka kwenye miramula, kikasimama. Bibi akakigonga mkono wa kuegemea. Hakikusogea. Audax akakisukuma, kikakaza miguu yake minne ardhini kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Kisha akakumbuka. Siku kinanunuliwa, wajomba walikichorea ramani ya mahali pa kwenda na mahali pa kutokwenda. Kibanja cha Kaijage walikipaka nyeusi.

“Hata mbao wamezifundisha,” Bibi akasema.

Audax akambeba. Alikuwa mwepesi kiasi cha kutisha, kama tenga tupu. Wakapita katikati ya miramula iliyopogolewa upande mmoja.

Rwiza alikuwa amekaa kizingitini. Alipowaona akasimama, na hakufanya kitu kingine. Audax alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kaburi la Mujuni, pembeni ya migomba, akamshusha Bibi taratibu chini, udongoni. Bibi akakusanya udongo kwa mikono miwili, nusu ukamwagika, uliobaki akautupia kaburini.

“Amelala miaka miwili,” Rwiza akasema. “Alishafunikwa.”

“Najua. Nimechelewa.”

“Mnataka nini kwangu?”

Audax akabonyeza kifungo.

“Naitwa Audax, msomaji, Nyumba ya Kusomea. Nimesoma dole la Mushobozi. Alikuwa amejificha kwenye shimo la ndizi. Aliyewaambia askari ni mtoto—”

“Usiseme mtoto,” Bibi akamkatiza. “Nina jina.”

“Aliyewaambia ni Kokushubira, binti yake, miaka mitano. Alipewa biskuti. Alirudia mzaha ambao baba yake alimfundisha asubuhi. Mushobozi alimtaja Kaijage ili mtoto asijijue. Kaijage hakuhusika. Mushobozi alikufa anamwomba Kaijage msamaha.”

Akakizima. Jua lilikuwa bado lipo.

Rwiza alikuwa ameshika nguzo ya kibaraza. Uso wake haukufanya chochote. Bibi, palepale udongoni, akainua kichwa. Na huyu ni mwanamke ambaye kilima kizima kinainama kumsalimia, ambaye padri humsogelea yeye badala ya kumngoja asogee.

“Shikamoo, Rwiza,” akasema.

Mtu wa miaka tisini na sita anampa shikamoo mtu anayeweza kuwa mwanawe. Audax akaangalia chini. Neno lile lilikaa hewani, likakaa, hakuna aliyelipokea.

“Siwezi kuitika, mama,” Rwiza akasema mwishowe. “Si kwamba sitaki. Siyo yangu. Mwenye kuitikia amelala hapo ulipokaa.”

Bibi akakubali kwa kichwa. Alikuwa ameelewa, na ndipo machozi yakaja, ya mtoto wa miaka mitano, yale yenye kamasi, bila aibu yoyote.

Rwiza akashuka kibarazani. Akapita pembeni ya Bibi bila kumgusa, akasimama mbele ya Audax.

“Hayo maneno ya kumwomba babu yangu msamaha. Yako wapi? Nionyeshe karatasi.”

“Karatasi imekwisha, mzee. Ni nyeupe. Hayapo tena popote.” Audax akanyanyua dole gumba. “Yako hapa tu.”

Rwiza akalitazama lile dole muda mrefu, dole la kawaida, lenye kucha chafu. Kisha akalishika kwa mkono wake wote, kwa nguvu, kama walivyolishika la yule mwingine kambini, akamvuta Audax mpaka wote wawili wakapiga magoti. Akaligandamiza kwenye udongo wa kaburi la baba yake.

“Basi mwambie na huyu,” akasema.

Udongo ulikuwa wa baridi. Audax akaliacha dole pale mpaka Rwiza aliachie mwenyewe, na Rwiza hakuliachia upesi.